Fundi wa Usambiro na wafalme wawili



Mwaka jana, wakati pamba imeanza kuchumwa, mama mmoja wa kwaya alinifuata baada ya ibada hapa Bariadi akaniomba dakika tano. Tulikaa chini ya mwembe zaidi ya saa mbili. Mume wake namfahamu, na hata ninyi mngemfahamu mngempenda. Kwenye harambee jina lake hutajwa mapema, na msibani yuko mstari wa mbele kubeba jeneza. Nyumbani ni mwingine. Nyumba nzima huamka kwa kumtazama uso. Akiingia amekunja ndita, watoto wanahama sebule. Pamba ikiuzwa vizuri, ni akili zake. Ikishambuliwa na wadudu, ni uzembe wa mke. Akikosa yeye, anayeomba radhi ni mke. Kisha kila baada ya miezi kadhaa hurudi na kitenge kipya na maneno laini, na mama wa watu anaamini upya.

Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa wengine. Lililonishtua ni jambo dogo. Alisema dada yake alimtembelea, akamuuliza ampikie nini, naye akakosa jibu. Alikuwa amesahau yeye mwenyewe anapenda chakula gani.

Nilimjibu kama tunavyojibu wazee wengi wa kanisa, kwamba avumilie na aiombee ndoa yake. (Nimebadilisha mambo machache asitambulike, naye ameniruhusu kuandika.) Jibu lile halikuniacha. Wiki hizo nilikuwa nasoma habari za Alexander Mackay, mmisionari ambaye wengi wetu kandokando ya Ziwa Victoria tumesikia jina lake, na kila nilipofungua ukurasa nilimwona yule mama.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Alisomea ualimu na uhandisi huko Edinburgh, halafu akafanya kazi ya kuchora mitambo Berlin. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa letu kwa mashua. Njiani aliupita mdomo wa mto Simiyu, huu unaoupa mkoa wetu jina, akadhani ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile upande wa kusini. Ng'ambo ya ziwa alikutana na Kabaka Mutesa wa Buganda. Akaandika barua iliyotoka kwenye gazeti la London mwezi Novemba mwaka huohuo, akieleza kwamba yuko mfalme katikati ya Afrika anayewasubiri walimu wa Injili kwa hamu kubwa. Chama cha kimisionari cha CMS kikapeleka watu wanane. Mackay, kijana kuliko wote, alikuwa mmoja wao.

Walifika Zanzibar mwaka 1876. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya mazishi. Wapo waliokufa kwa homa, na wawili waliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877. Mackay mwenyewe aliugua akarudishwa pwani, akatumia muda huo kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Juni 1878 alifika Kageye, ufukweni upande wa Magu, akaikuta mashua ya misheni imeharibika. Aliikarabati kwa mikono yake. Kisha akavuka kwenda Ukerewe bila silaha kupatana na mtemi Lukonge, ambaye nchini mwake wenzake walikuwa wameuawa. Nayataja haya ili msomaji asije akadhani tunamzungumzia mtu mwoga au legelege. Watu wa aina nitakayoieleza hawanasi wanyonge tu. Hunasa pia wenye nguvu, hasa wenye nguvu na moyo wa kujitoa.

Novemba 1878 aliingia Buganda, na mwanzo wake ulikuwa asali. Mutesa alikuwa mtu wa akili nyingi, mcheshi, mwenye maswali mazuri kuhusu Mungu, mbingu na mashine. Jumapili ibada zilifanyika barazani kwake. Mackay aliandika kwao Ulaya barua zilizojaa furaha. Alikuwa amesafiri miaka miwili na kuzika marafiki kwa ajili ya mfalme huyu, na sasa mfalme anamsikiliza. Nani asingefurahi?

Lakini kulikuwa na jambo ambalo lingeweza kumtahadharisha. Kabla ya Wakristo, Mutesa alikuwa ameshika Uislamu kwa takriban miaka kumi, akafunga Ramadhani na kuamuru watu wake wafunge. Mwaka 1876 vijana wa ikulu walioipokea dini ile kwa moyo wote walikataa nyama ya wanyama waliochinjwa kwa amri yake. Akawaua kwa makumi. Kosa lao lilikuwa kuchukua kwa dhati kitu ambacho yeye alikuwa amekivaa kama joho. Mtu akitaka kujua atakavyotendewa, aangalie waliomtangulia walitendewaje. Sisi mara nyingi huambiwa habari za waliotutangulia na mhusika mwenyewe, na katika masimulizi yake wote walikuwa wabaya.

Februari 1879 wakafika mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa. Hapo Mutesa akawa kwenye raha yake. Aliwaita barazani Mackay na Padre Lourdel, akawaacha wabishane mbele ya machifu, kisha akauliza amwamini mzungu yupi. Leo aliomba ubatizo kwa hawa, kesho kwa wale. Alipotaka kuwatisha wote aliwasogeza karibu wafanyabiashara wa Kiarabu. Niseme kweli, Mackay hakutoka hapo safi. Aliwachukia wale mapadre kuliko inavyompasa mtumishi wa Mungu, na barua zake kuhusu wao zinaumiza kusoma. Ndivyo inavyokuwa. Ukigombanishwa na wenzako muda mrefu ili upate kutazamwa na mtu mmoja, unaanza kumwona mwenzako kuwa adui, na yule aliyewasha moto anakaa pembeni akiota.

Desemba ya mwaka huo akaletwa ikulu mganga wa Mukasa, mungu wa ziwa. Mutesa na baraza lake wakaiacha dini ya Kikristo na ya Kiislamu kwa pamoja. Mfalme ambaye barazani kwake ibada zilikuwa zikifanyika sasa hakutaka kuzisikia. Na hata huo haukuwa mwisho, maana baadaye alilegea tena, akawaita tena, akauliza tena maswali mazuri. Mackay akapata matumaini tena.

Nirudi kidogo kwa mfalme, nisije nikamwonea marehemu. Mengi tunayojua kuhusu baraza lile yanatoka kwenye barua za Mackay mwenyewe, na dada yake ndiye aliyeyaweka maisha yake kitabuni. Tumesikia upande mmoja zaidi ya mwingine. Mutesa alikuwa na nchi ya kulinda. Misri ilikuwa ikimsogelea kutoka kaskazini, na kucheza na wageni ilikuwa siasa pia. Wala mimi si daktari. Madaktari wa akili wanayo hali wanayoiita kwa jina la Narcissus, kijana wa hadithi za Wagiriki aliyeipenda sura yake mwenyewe ndani ya maji. Kusema fulani anayo hali hiyo ni kazi yao, si yangu, wala si yako unayemtazama mumeo au mkeo au mchungaji wako asubuhi hii. Paulo alipomwandikia Timotheo mara ya pili, katika sura ya tatu, hakutaja ugonjwa. Alitaja watu wanaojipenda wenyewe, wenye sura ya utauwa, akamwagiza Timotheo ajiepushe nao. Naona wahubiri tunaisoma orodha ile kwa sauti kubwa, halafu tukifika kwenye agizo la kujiepusha tunapunguza sauti.

Kilichomshika Mackay Buganda ni nini? Kwanza chakula. Wamisionari waliishi kwa hisani ya ikulu, na mfalme akinuna sahani nazo zilinuna. Hapo Mackay alifanya jambo la busara kuliko hotuba zake zote. Aliwasha tanuri la uhunzi, akatengeneza na kurekebisha vifaa vya watu, akala kwa jasho lake. Akachonga herufi, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma, vijana wakamiminika. Machi 1882 watu watano wa kwanza walibatizwa. Lakini hata ufundi wake Mutesa aliudai uwe wake. Mama mzazi wa mfalme alipofariki mwaka huohuo, Mackay alitakiwa atengeneze majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la nje kubwa mithili ya nyumba, ili ulimwengu ujue kwamba hakuna aliyewahi kuzikwa hivyo. Kazi ya wiki nyingi, na mfalme akitaka kila siku lizidi kuwa kubwa. Kila nisomapo hapo najiuliza ni wa nani hasa aliyekuwa akitukuzwa, marehemu au mwanaye.

Pili, uvumi. Ikulu ilizungushwa habari kwamba Mackay alikuwa muuaji aliyekimbia kwao. Mtu aliyekatwa na watu wake, asiye na wa kumtetea isipokuwa yuleyule anayemtesa, hutumia nguvu zake zote kujisafisha mbele yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, watoto. Wale vijana wasomaji walikuwa wake kiroho. Angeondoka, wangebaki na nani? Wanawake wangapi wa Itilima, Meatu na Maswa wamenijibu hivyohivyo nilipouliza mbona wanakaa!

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanaye Mwanga, kijana wa miaka kama kumi na minane hivi. Mackay alikuwa amemfahamu tangu utotoni. Alitumaini. Januari 31, 1885, vijana watatu wa misheni walikatwa na kuchomwa moto: Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga. Mahali pale panaitwa Busega, karibu na Natete, Kampala ya leo. Msomaji wa Nyashimo au Lamadi asishtuke, si Busega yetu, ingawa mimi siku zote moyo hunidunda nikiona jina lile. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Juni 3, 1886 ulikuwa moto wa Namugongo, ambao Wakatoliki na Waanglikana tunaukumbuka kila mwaka.

Na katikati ya hayo Mwanga aliendelea kumwita Mackay! Alimtisha, kisha akamtaka amtengenezee vitu. Mackay alipoomba ruhusa ya kuondoka alinyimwa, maana fundi alikuwa na faida. Agosti 1886 mwenzake, Ashe, aliruhusiwa kwenda, Mackay akazuiwa. Akabaki peke yake karibu mwaka mzima, akiwafundisha Wakristo usiku kwa siri, akiandika na kuchapa. Mtu mgeni kwa mambo haya atauliza ni mapenzi gani hayo, ya anayemchukia lakini hataki aondoke. Yule mama wa kwaya asingeuliza.

Mwishowe hakuondoka kwa uamuzi wake. Julai 1887 Mwanga alishawishiwa amfukuze, naye tarehe 21 akafunga mlango wa nyumba ya misheni, akapanda mashua kuelekea kusini. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaojilaumu kwamba hawakutoka mapema, au kwamba walitolewa kama mbwa. Mackay naye alitolewa. Miaka karibu tisa ya maisha yake ilikuwa imepita kwenye kivuli cha wafalme wawili.

Alifika Usambiro, kusini mwa ziwa, na huko ndiko ninakompenda zaidi. Hakuwa na baraza la kwenda asubuhi kuangalia uso wa mtu umekaaje. Alifyatua matofali. Alikata mbao mbali na kuzivuta, akiunda mashua ya kuvukia ziwa. Aliendelea kuitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Waganda waliokimbia mateso walimfuata huko, akawafundisha. Wale watoto aliodhani hawataishi bila yeye kuwa Buganda walikuwa hai, na baadhi walijua njia ya kumfikia. Usinielewe vibaya, haikuwa likizo. Machi 1888 alimzika Askofu Parker hapohapo. Homa haikumwacha. Lakini Stanley alipopita mwishoni mwa Agosti 1889, akakaa zaidi ya wiki mbili, alikuta mtu mwenye karakana, vitabu, utaratibu na utulivu. Alimwomba waondoke pamoja kwenda pwani, akapumzike. Mackay alikataa. Sidhani kwamba kukataa kule kulitoka mahali palepale kama kukaa kwake Buganda. Safari hii hakuna aliyekuwa amemshika mguu.

Sasa sikiliza mzunguko ulivyogeuka. Septemba 1888 Mwanga alipanga kuwatelekeza Wakristo na Waislamu kisiwani wafe njaa. Njama ikafichuka, wakaungana, wakampindua. Akakimbia kwa mtumbwi kusini, akaangukia wapi? Magu! Eneo lile ambalo hadi mwaka 2012 wilaya yake ilikuwa pamoja na Busega yetu. Wafanyabiashara waliompokea wakamnyang'anya alichokuwa nacho. Akatoroka akahifadhiwa na mapadre wa Kikatoliki Bukumbi, wenzao na wale aliowachomea waumini. Mwaka 1889, akitafuta njia ya kurudi kwenye kiti chake, alimwandikia Mackay kuomba msaada, akimsihi asiyakumbuke ya zamani.

Barua hiyo nimeifikiria sana. Mwombaji alikuwa amedhalilika kweli, huenda alikuwa anatubu kweli. Lakini ombi la kusahau lilikuja mkono mmoja na ombi la msaada, na hapakuwa na wakati wa kuona tunda la toba. Mackay hakumlipiza kisasi. Wala hakukunja vyombo vyake akarudi chini ya paa lake. Wenzake wawili, Gordon na Walker, ndio waliovuka kwenda kuwa pamoja na Wakristo waliokuwa wakipigana kumrudisha Mwanga. Yeye alibaki kwenye tanuri lake Usambiro. Mnisamehe wanaojua historia kuliko mimi: kazi ya mashua na tafsiri vilimhitaji pale. Mimi naona pia mtu aliyejifunza kuweka ziwa zima kati ya msamaha wake na mlango wa anayemsamehe.

Daudi alifanya vivyo hivyo. Mara mbili alimwacha Sauli hai, mara mbili Sauli alikiri kosa lake na kumwita mwanaye, mara ya kwanza kwa machozi, na baada ya maneno yale Sauli alirudi kwake, Daudi akaenda zake. Soma Samweli wa Kwanza, sura ya 24 na ya 26. Miaka yote nimehubiri juu ya machozi ya Sauli na kuruka jinsi sura zile zinavyoishia.

Mackay alifariki kwa malaria tarehe 8 Februari 1890, Usambiro, akiwa na miaka 40. Hakuwa ameoa. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala. Mwanga alirudi kwenye kiti, akapoteza tena, Waingereza wakampeleka uhamishoni Seychelles. Huko alibatizwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mungu alimfikia, naamini hivyo. Alimfikia miaka mingi baada ya Mackay kuzikwa, na kwa mikono mingine.

Yule mama nilimwita tena. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, jambo ambalo wazee hatulizoei. Kwa kuwa mumewe alikuwa pia ameanza kumpiga, tulikwenda pamoja Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Leo anaishi kwa kaka yake na watoto wawili wadogo. Ana cherehani. Mkubwa amebaki kwa baba, na hilo humliza usiku, sitalipamba.

Mwezi uliopita mume alituma wazee watatu. Mama aliwapokea, akawapikia, akawaambia amemsamehe na anamwombea kila siku. Akawaambia pia kwamba harudi, na kwamba mazungumzo mengine yatafanyika mbele ya afisa wa ustawi. Mmoja wa wazee alikasirika. Wawili walimaliza chakula chao kimya.

Jumapili iliyopita nilipita kwao jioni. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na bakuli la matobolwa na karanga. Akanikaribisha, akaniambia akicheka kwamba hicho ndicho anachokipenda, na kwamba alikipenda tangu mtoto.